Mnyama Asiye na Mwenyewe

Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Pili habari za sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Nilipofika mahali panapoelezwa adhabu, niliwaambia kwamba sheria hiyo, kama ilivyotungwa kwanza, ilimwekea mtu aliyetenda kosa juu ya mnyama aliye katika hatari ya kutoweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au yote mawili pamoja. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "kwetu mtu akiua ng'ombe wa jirani, wazee huketi, naye hulipa ng'ombe, na neno hukoma hapo. Ng'ombe yule ana mwenyewe. Ndovu hana mwenyewe. Yawezekanaje kosa la kuua kitu kisicho cha mtu likawa kubwa kuliko kosa la kuua kitu cha mtu?"

Darasa zima lilinyamaza likinitazama. Kengele ililia kabla sijafumbua kinywa, nami sioni haya kukiri kwamba nilifurahi kuisikia. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na insha hii ndiyo jibu langu nililochelewa kulitoa.

Jibu ambalo watu wengi hulikimbilia ni fedha. Husemwa kwamba wanyama huleta watalii, watalii huleta fedha, na fedha hujenga barabara na shule. Ni kweli, Maasai Mara haiko mbali nasi, na wako vijana wa Bomet wapatao riziki yao huko. Walakini mtu amlindaye mnyama kwa ajili ya faida atamwacha siku faida itakapohama. Ikiwa kesho hesabu itaonyesha kwamba ngano ina faida kuliko nyumbu, hoja yetu yenyewe itatugeuka. Tena, ni mtalii gani aliyepanda ndege kuja kumtazama chura wa kinamasi cha Bomet? Wengine husema tulinde kila kiumbe kwa kuwa huenda siku moja kikatupa dawa. Hiyo ni hoja ya mtu anayeweka kila kipande cha kamba sandukuni kwa kuwa huenda akapata mzigo wa kufunga. Si hoja mbaya, lakini haitoshi kumpeleka mtu gerezani maisha yake yote.

Afadhali nianze mahali ninapopajua vizuri, nayo ni bondeni chini ya nyumba ya baba yangu.

Kwetu ni upande wa Bomet ambako mashamba madogo ya chai yameshuka kutoka kilimani hadi karibu na maji. Chini ya shamba letu palikuwa na kinamasi, na kijito kilichotoka humo kilikwenda kumwaga maji yake katika mto Nyangores, ambao huungana na Amala kuwa mto Mara. Katika kinamasi hicho waliishi korongo wenye taji, ndege ambao Wakipsigis huwaita kong'ony. Asiyemjua ndege huyu na asikie: kimo chake chapata mita moja, shingo yake ni ya kijivu, shavu lake jeupe, na juu ya kichwa chake yamesimama manyoya ya rangi ya dhahabu, kama taji lililotengenezwa kwa mabua membamba. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Hujenga tundu lao kwa nyasi katikati ya maji, jike akataga mayai mawili au matatu, na jioni huruka kwenda kulala juu ya miti. Asubuhi za mvua walikuwa wakicheza ngoma, wakiinama na kuruka na kutandaza mbawa, nasi watoto tuliokuwa tukipeleka ng'ombe majini tulisimama kuwatazama hata tukachelewa shule.

Nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi, mimi na binamu yangu tulisikia kwamba wako wasafiri katika barabara kuu wanaonunua makinda ya korongo. Tukavizia, tukaingia majini, tukamkamata kinda mmoja, tukamfunga mguu kwa kamba ya katani. Njia ya barabarani ilipita mbele ya nyumba ya nyanya yetu, yaani kogo. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Alizaliwa katika ukoo ambao mnyama wake ni kong'ony. Hakutupiga, wala hakupaza sauti. Aliweka ungo chini, akasimama, akamtazama kinda, kisha akatuuliza, "Mmemleta mtoto wa ndugu yangu nyumbani kwangu akiwa amefungwa kamba?"

Tulimrudisha kinda jioni ile ile. Nimepigwa viboko vingi katika maisha yangu ya shule, na vyote nimevisahau. Swali lile sijalisahau.

Vijana wengi wa leo huyajua majina ya koo zao bila kujua maana yake. Kwa Wakipsigis, kama kwa ndugu zao wengine wa Kalenjin, kila ukoo, yaani oret, una mnyama wake, yaani tiondo. Wako wa simba, wako wa nyuki, wako wa kong'ony, na wengineo. Mwingereza A. C. Hollis aliandika orodha ya koo za Wanandi na wanyama wao katika kitabu kilichochapwa mwaka 1909, na mzee yeyote wa Kericho aweza kuwatajia walio wake bila kitabu. Mtu hakumwua mnyama wa ukoo wake. Hapakuwa na askari wa kumwangalia, wala hakimu wa kumhukumu. Palikuwa na aibu, na hofu ya laana, na macho ya watu waliomjua tangu alipozaliwa.

Lakini tusiusifu mwiko kupita kiasi. Mwiko ulimfunga mtu wa ukoo mmoja, wala haukumfunga wa ukoo mwingine. Na kwa kweli wanyama walisalimika pia kwa sababu watu walikuwa wachache, ardhi ilikuwa kubwa, na hapakuwa na mnunuzi barabarani. Nasema hivi kwa kuwa nimesikia watu wakisema kwamba tukirudia mila za wazee hatutahitaji sheria. Hebu tazama mambo yaliyotokea katika kinamasi chetu baada ya kogo kufa.

Hakuna mtu aliyemwua hata korongo mmoja. Mjomba wangu alichimba mfereji wa kukausha upande mmoja, akapanda kabichi, kwa kuwa alikuwa na watoto saba. Jirani aliyekaa ng'ambo alifyatua matofali kwa udongo wa pale, kwa kuwa alitaka kuwajengea wazazi wake nyumba isiyovuja. Baba yangu alipanda mikaratusi ukingoni mwa maji, kwa kuwa viwanda vya chai hununua kuni za kukaushia majani, na mti huo hukua upesi kuliko miti mingi. Hunywa maji upesi pia. Miaka ilipopita baba alikata miti ile, akaiuza, na kwa fedha ile akanilipia karo ya chuo cha ualimu. Cheti changu, ambacho kwacho nasimama mbele ya wanafunzi kuwafundisha sheria ya wanyamapori, kilitoka katika kinamasi kile.

Basi siku moja nilirudi likizo, nikaona hakuna korongo. Nikauliza waliondoka lini. Hakuna aliyejua.

Hayo hayakutokea kwetu tu. Katika Kenya, Uganda na nchi jirani, ndege hao wamepungua kwa zaidi ya nusu katika muda usiozidi nusu karne, na mwaka 2012 wataalamu wa ulimwengu wanaoweka orodha ya viumbe walimtia korongo mwenye taji katika daraja la walio hatarini kutoweka. Sababu zinazotajwa ni hizo hizo nilizoziona kwetu: kukaushwa kwa vinamasi, kuchukuliwa kwa mayai na makinda, na sumu zinazowekwa mashambani.

Sasa namwuliza msomaji: ni nani aliyewaua korongo wa bonde letu? Ukimtaja mjomba, atakuonyesha watoto wake saba. Ukimtaja jirani, atakuonyesha wazazi wake wazee. Ukimtaja baba yangu, itakubidi unitaje na mimi. Kila mmoja alikuwa na sababu njema, na kila mmoja alichukua kidogo. Hapa ndipo ninapoona kazi ya sheria ya namna hii inapotofautiana na sheria nyingine. Sheria ya wizi humzuia mtu mwenye nia mbaya. Sheria ya kulinda viumbe hutuzuia sisi wenye nia njema. Mtu aliyesimama katika shamba lake huona safu moja tu ya miti. Haoni jumla ya safu zote za bonde, wala jumla ya mabonde yote ya nchi. Lazima awepo mtu wa kuhesabu, na akiisha kuhesabu awe na uwezo wa kusema, "Sasa basi."

Wengi hudhani kwamba wakati wa kusema neno hilo ni pale kiumbe kinapokaribia kwisha. Wamarekani walidhani hivyo. Katika karne ya 19 walikuwa na njiwa wa porini waliosafiri kwa makundi makubwa hata wakaziba jua. Idadi yao ilihesabiwa kwa mabilioni. Waliwapiga kwa bunduki, wakawanasa kwa nyavu, wakawapeleka sokoni kwa magari ya moshi. Mwaka 1857 palitolewa shauri katika jimbo la Ohio kwamba itungwe sheria ya kuwalinda. Kamati ya Seneti ya jimbo hilo ikajibu kwamba njiwa huyo hana haja ya ulinzi, kwa jinsi anavyozaana kwa wingi. Tarehe 1 Septemba 1914 njiwa wa mwisho, aliyepewa jina la Martha, alikufa katika kizimba cha bustani ya wanyama huko Cincinnati, katika jimbo lile lile la Ohio. Kati ya jibu la kamati na kifo cha Martha ilipita miaka 57. Walikuwapo watu waliozaliwa kabla ya jibu lile wakaishi kuuona mwisho wake.

Kwetu Kenya tulikaribia kufanya vivyo hivyo kwa ndovu. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 inakadiriwa walikuwapo kiasi cha 167,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Uwindaji ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku mwaka 1977, lakini pembe ilikuwa bado na bei ng'ambo, na penye bei hapakosi mwenye bunduki. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi. Watu wengi walinung'unika, wakauliza kwa nini mali kama ile iteketezwe katika nchi yenye maskini. Nilipokuwa kijana mimi pia niliona ni ubadhirifu. Leo nauona kama tamko: Serikali ilisema mbele ya ulimwengu kwamba kitu kile hakitakuwa bidhaa tena. Mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu wa Afrika, na hesabu iliyofanywa mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 katika Kenya. Sheria, basi, yaweza kufaulu.

Walakini nawajua wazee wetu, na najua kwamba wengi wao wakisikia neno "sheria" hawafikirii ulinzi. Wana sababu. Mwaka 1900 wajumbe wa nchi za Ulaya zilizotawala Afrika walikutana London wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa bara hili, na hakuna Mwafrika aliyeulizwa neno. Katika miaka iliyofuata Mzungu mwenye kibali na bunduki aliitwa mwindaji, na Mwafrika mwenye mshale aliitwa jangili. Theodore Roosevelt alipokuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909, yeye na mwanawe waliua zaidi ya wanyama 500, akasifiwa. Na hapa Kericho sheria ilitumika hata kuwahamisha watu: mwaka 1934 ilitungwa sheria maalum ya kuwatoa watu wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, karibu na ziwa. Mzee aliyeyasikia hayo kwa baba yake hawezi kulaumiwa akiuliza sheria mpya imekuja kuchukua nini.

Hata baada ya uhuru mambo hayakunyooka. Juu ya mashamba yetu ya chai uko msitu wa Mau Kusini Magharibi, na mwanafunzi yeyote wa Kericho au Bomet ajua kwamba ukungu na mvua zinazolisha chai hutoka huko, na mito yetu pia. Humo huishi bongo wa milimani, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mwekundu kama udongo wa kwetu, mwenye mistari myeupe ubavuni na pembe zilizojipinda. Kwa asili hapatikani porini popote duniani ila Kenya, na waliobaki porini hawafiki mia moja. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha shirika la kupanda ukanda wa chai pembeni mwa misitu, ndizo Nyayo Tea Zones, ili chai iwe kama ua kati ya msitu na mashamba ya watu. Lilikuwa wazo zuri, nami kila nipitapo hulitazama ua lile kwa furaha. Lakini mwaka 2001 Serikali yenyewe, kwa tangazo katika Gazeti lake, ilikata zaidi ya hekta 60,000 kutoka misitu ya Mau. Familia ziliingia, nyingine zikiwa na karatasi mkononi. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba mito inapungua, na tangu mwaka 2009 watu wakatolewa, wakaketi kandokando ya barabara katika mahema, pamoja na watoto waliokuwa wa umri wenu.

Na Waogiek, ambao walirina asali katika msitu ule kabla ya mti wa kwanza wa chai kupandwa Kericho, waliamriwa nao watoke, kwa jina la kuhifadhi mazingira. Walikwenda mahakamani hadi Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imevunja haki zao, na kwamba haikuthibitishwa kuwa wao ndio walioharibu msitu. Uamuzi huo nauona mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Unasema kwamba haitoshi Serikali kutamka neno "uhifadhi" ndipo iwe na haki ya kumwondoa mtu.

Sasa narudi kwa msichana wa dirishani. Alisema ndovu hana mwenyewe. Mimi nadhani anao, ila hawajafika. Ng'ombe wa jirani akiuawa, jirani huja barazani, husema, hulia, hulipwa. Lakini watakaotaka kumwona bongo miaka mia ijayo hawawezi kuja barazani, kwa maana hawajazaliwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 huwataja hao waziwazi, inapozungumza juu ya mazingira kwa faida ya kizazi kilichopo na vizazi vijavyo. Mali ya mtu asiyeweza kujisemea sisi twaijua vizuri: ni mali ya yatima. Mtoto akifiwa na wazazi, ng'ombe wake hukabidhiwa msimamizi mpaka awe mtu mzima. Anayeiba ng'ombe wa yatima hutazamwa kwa jicho baya kuliko anayeiba wa mtu mwenye nguvu, kwa sababu yatima hawezi kumfuata.

Iko tofauti nyingine. Ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe. Bongo wa mwisho atalipwa kwa nini? Ni kweli kwamba mwezi wa Februari 2025 bongo 17 waliletwa Kenya kwa ndege kutoka Florida, Marekani, wakiwa ni uzao wa wale waliochukuliwa hapa zamani wakapelekwa katika bustani za ng'ambo. Nilifurahi kusikia habari hiyo. Lakini ile ni bahati. Kama wazee wao wasingalichukuliwa, pasingalikuwa na wa kurudishwa. Kwa kong'ony wa bonde letu nilitafuta mtu wa kumlipa na kitu cha kulipa, nikakosa vyote viwili.

Tukisema Serikali ni msimamizi wa mali ya yatima, twasema mambo mawili magumu. La kwanza, msimamizi asile mali ile. Serikali iliyokata msitu mwaka 2001 ilikuwa msimamizi aliyechinja ng'ombe wa yatima kuwakaribisha wageni wake. Sheria njema yapaswa kumfunga mikono msimamizi kabla ya kumfunga jirani. La pili, msimamizi asimwagize jirani kuwalisha ng'ombe hao bure. Ndovu akimwua mtu shambani mwake, sheria ile ya mwaka 2013 iliagiza familia ilipwe shilingi milioni 5. Lakini wako waliongoja malipo hayo miaka, wakizaa na kuzika, karatasi zikisafiri kutoka ofisi hadi ofisi. Mjane wa namna hiyo ukimwambia kwamba ndovu ni wa vizazi vijavyo, atakuuliza kwa nini vizazi vijavyo vimemlaza njaa yeye peke yake. Sina jibu la kumpa ila kwamba amesema kweli.

Na juu ya kifungo cha maisha, sitaki kumficha mwanafunzi wangu wasiwasi wangu. Anayekamatwa aghalabu ni kijana aliyebeba pembe begani kwa ujira mdogo. Aliyemtuma haonekani, na mnunuzi yuko mbali kabisa. Adhabu kali inayomshika mpagazi na kumwacha tajiri yaweza kumlinda ndovu, lakini haki imechechemea. Naipendelea zaidi njia iliyotumika Rwanda kwa ajili ya korongo mwenye taji. Huko watu wengi walikuwa wakiwafuga katika bustani za nyumba na mahoteli, kinyume cha sheria. Tangu mwaka 2014 walitangaziwa kwamba anayewaandikisha na kuwatoa kwa hiari hataadhibiwa. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake wakawapokea ndege hao, na wengi wao wamerudishwa porini. Sheria ilikuwapo, lakini iliacha mlango wazi kwa mtu aliyetaka kurekebisha kosa lake. Iliniletea kumbukumbu ya kogo, ambaye naye hakushika fimbo.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Jioni niliteremka bondeni, nikaona korongo wawili wamesimama katika kipande kidogo cha kinamasi kilichobaki, upande wa jirani. Sijui walitoka wapi, wala kama watakaa. Wiki hiyo chifu alikuwa amesema barazani kwamba mikaratusi iliyo kando ya maji haina budi kung'olewa, kwa kuwa sheria inalinda kingo za mito. Nikamwambia baba kwamba chifu amesema kweli.

Baba hakukasirika. Aliniuliza kama nakumbuka safu ya kwanza ilifanya kazi gani. Nikasema nakumbuka. Akaniambia, "Safu hii ya pili ni karo ya mdogo wako. Hiyo sheria yako italipa karo?"

Nikamwambia sheria haitalipa, lakini mimi nitalipa nusu. Alinyamaza muda mrefu akiwatazama wale ndege wakitembea majini, kisha akasema tungoje mvua zikatike, ndipo tuazime msumeno.